Kibaraza cha Rangi: Kisima cha Baba Yake, Mwana Hiti wa Bibi Yangu

Kuna video imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mwezi mzima: mama wa Kiaborijini, wale wenyeji wa asili wa Australia, kakaa juu ya kanvasi kubwa kama jamvi, anadonoa vidoti. Nimetumiwa mara saba. Basi barua nyingi safari hii zinanukia vidoti na nimeamua kuziweka pamoja. Yule aliyeuliza jinsi ya kutoa rangi ya mafuta kwenye kanzu ya mumewe anisubiri toleo lijalo. Kwa sasa asiiloweke kwenye maji ya moto.

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina kituo kidogo cha watoto na kila Jumamosi nafundisha kuchora. Nimezipenda sana zile picha za vidoti za Waaborijini. Nataka nifanye warsha ya siku mbili, kila mtoto achore kasa au kinyonga kwa mtindo huo, kiingilio shilingi 15,000, halafu picha tuziuze siku ya wazazi. Unanishauri rangi gani na vijiti vya aina gani? (Mwalimu, Mbezi Beach)

JIBU: Marahaba mwalimu. Vijiti ni vya mishikaki, tumia upande butu. Rangi ni akriliki ya maji, maana ya mafuta itawaharibia watoto nguo na wewe utagombana na mama zao. Hapo ndipo swali lako lilipokuwa jepesi.

Miaka kadhaa iliyopita alipita Dar mwanamke mchoraji, Mwaborijini wa katikati ya Australia, mgeni wa rafiki yangu. Akaletwa uani kwangu Buguruni. Nilimpa kiti akakikataa, akakaa chini kwenye mkeka, kanvasi mbele yake kama mtu anayepeta mchele. Kijiti, sio brashi. Anachovya, anadonoa, anachovya, anadonoa, na kila kidoti kina unyevu sawa na mwenzake. Mimi nina miaka 58, brashi nimeishika zaidi ya thelathini, na nilijaribu mstari mmoja tu: vidoti vyangu vya mwisho vilikuwa vimekondeana kama mchele wa mapumba.

Alichora duara ndani ya duara ndani ya duara, na pembeni alama kama herufi U. Akatueleza kwamba duara ni kisima na U ni mtu kakaa. Ukikaa mchangani ukainuka, makalio na mapaja yanaacha alama hiyo hiyo. Nikatoka kwenye mkeka, nikakaa kwenye mchanga wa uani, nikainuka kutazama. Kweli ilikuwapo, U yangu, kubwa kuliko yake. Tukacheka sana.

Ndipo kijana mmoja niliyekuwa namfundisha akasema, na mimi nichore kisima hicho? Mgeni akakataa, kwa upole lakini bila kuzunguka. Kile kilikuwa kisima cha upande wa baba yake. Akaongeza kwamba hata yeye mwenyewe vipo visima asivyoweza kuvichora mpaka awaendee watu fulani kuomba.

Huko kwao, mwalimu, hadithi za nchi zina wenyewe. Wawarlpiri, mojawapo ya jamii za Kiaborijini za jangwani, huziita Jukurrpa: safari za wahenga wa mwanzo walioipita nchi wakiiumba, hapa wakaacha mlima, pale kisima, kule sheria ya nani amwoe nani. Na wao hawazihesabu kuwa za zamani, kwao zingali zinaendelea. Nani achore safari ipi ni suala la ukoo na la kufundwa. Kabla ya kanvasi walichora mchangani, kwenye miamba na kwenye miili yao wakati wa ngoma. Mwaka 1971, katika makazi ya Papunya, kama kilomita 240 kutoka mji wa Alice Springs, mwalimu wa shule aitwaye Geoffrey Bardon aliwahimiza wazee wachore ukuta wa shule. Wakachora safari ya chungu wa asali, mdudu wa jangwani ambaye tumbo lake hujaa utamu likang'aa kama gololi, na walichora kwa idhini ya wenye hadithi ile. Mwaka uliofuata wakaunda kampuni yao, Papunya Tula, na mpaka leo ni mali ya wachoraji wenyewe.

Sasa nisikilize hapa. Picha za mwanzo, zile walizochora kwenye vipande vya mbao, nyingine zilionyesha vitu vya siri vya wanaume. Waaborijini wa sehemu nyingine walipoziona wakaja juu. Wachoraji wakajirekebisha: vya siri vikaondolewa au vikafunikwa, na vidoti vikazidi kutanda. Kwa hiyo kidoti unachokiona wewe kuwa pambo, pengine mwenyewe alikitundika kama pazia la mlangoni. Pazia la watu huwezi kuwafundisha watoto wa Mbezi kwa shilingi 15,000.

Tena vidoti ni vya jangwani. Ukienda kaskazini, Arnhem Land, wanachora kwenye magome ya mti kwa mistari myembamba kama unywele, inapishana pishana, wanaiita rarrk. Kusema vidoti ni "mtindo wa Kiaborijini" ni sawa na mtu kutoka huko aje achukue lipiko, kinyago cha ngoma cha Kimakonde, amvike Mmasai, aandike chini "ngoma ya Kitanzania".

Lakini sitaki uvunje warsha. Kijiti hakina ukoo, na kutazama nchi kutoka juu hakuna aliyekukataza. Waambie watoto hivi: wewe leo ni kunguru. Umeruka kutoka kwenye paa la kwenu, unakwenda shule. Unaona nini chini? Duka la Mangi linaonekanaje kutoka juu? Kijiwe cha bodaboda? Bomba la maji lenye foleni ya ndoo? Kila mtoto abuni alama zake na aandike nyuma ya picha maana ya kila moja. Nilifanya hivyo na watoto tisa hapa uani. Mmoja alichora mduara mkubwa mweusi, nikamwuliza hilo ni shimo? Akaniambia ni sufuria la mama lishe, kunguru hatazami kingine. Huyo nilimpa brashi yangu.

Kwenye tangazo usiandike "Sanaa ya Kiaborijini". Ukipenda kuwasimulia wazazi habari za Papunya, simulia, na kila picha utakayowaonyesha itaje kwa jina la aliyeichora.

SWALI: Hao Waaborijini wanatumia akriliki ya dukani, na Tingatinga wetu alitumia rangi ya baiskeli. Asili iko wapi hapo? Mbona mnatudanganya? (Mbishi, Ilala)

JIBU: Karibu mbishi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaja mjini kuhangaika na vibarua kama wengine, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora kwenye vipande vya ubao wa dari kwa rangi za kung'aa za baiskeli. Picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kazi, na wajukuu wa brashi yake wanakula kwayo mpaka leo. Wale wa Papunya walianza karibu miaka hiyo hiyo, nao kwa vipande vya mbao vilivyookotwa. Watu walio mbali na kwao, wako mahali pageni, wanashika kilichopo mkononi.

Marehemu bibi yangu alisuka mikeka huko Kisarawe. Rangi ya ukili alinunua ya unga, dukani kwa Mhindi, anachemsha kwenye debe. Sikumsikia mtu akimwambia mkeka ule si wa Kizaramo.

SWALI: Dada yangu, mimi nimestaafu nina miaka 61. Batiki nimetengeneza tangu ujana. Natamani kuhamia kwenye kanvasi lakini wanangu wanacheka, wanasema mama umechelewa. (Bibi wa Batiki, Temeke)

JIBU: Waache wacheke, halafu waambie habari za Emily Kame Kngwarreye. Mama wa jangwani, sehemu iitwayo Utopia, alizaliwa mwaka 1910 hivi. Alianza na nini? Na batiki, dada! Mwaka 1977 na wanawake wenzake, akiwa na umri unaopita huo wako. Kanvasi na akriliki vilimfikia mwishoni mwa mwaka 1988, anakaribia themanini. Akachora miaka kama minane, mpaka alipofariki mwaka 1996, na picha zake zinahesabiwa kwa maelfu. Moja ya mwaka 1994, upana wake zaidi ya mita sita, iliuzwa mwaka 2007 kwa zaidi ya dola milioni moja za Australia. Kitu chake kikubwa kilikuwa kiazi cha porini, mizizi yake ikipasua ardhi. Jina lake hilo la Kame linatokana na kiazi hicho.

Una faida ambayo wengi wanaoanzia kwenye kanvasi hawana: nta imekuzoeza kwamba kilichodondoka kimedondoka. Ila kwenye batiki unaanza na rangi nyepesi kwenda nzito, na mkono wako utataka kufanya vivyo hivyo kwenye akriliki. Uzuie. Hapa unaweza kuweka nyeupe juu ya nyeusi, na siku ya kwanza utajiona kama umetenda dhambi.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa Kimakonde, nachora. Hoteli moja imenipa oda ya picha 12 za vyumbani, nimetaja 80,000 kila moja. Meneja anasema atalipa zote zikishakamilika. Pia anataka "mambo ya unyagoni, ya ndani kabisa", eti wageni wanapenda utamaduni halisi. Nifanyeje? (Kijana, Mbagala)

JIBU: Marahaba. Nimelisoma swali lako nikiwa kwenye daladala, nikacheka peke yangu mpaka konda akanitazama. Mwanangu, wewe mwanamume, ya ndani ya unyago umeyajulia wapi?

Tuanze na pesa maana ndiyo fupi. Picha 12 kwa 80,000 ni 960,000. Usishike brashi kabla ya kupewa 480,000. Ukipeleka picha sita upewe 240,000, ukimaliza iliyobaki. Meneja anayetaka kulipa mwishoni anataka umkopeshe, na benki yenyewe haikopeshi bila dhamana. Kama ni rangi ya mafuta, ongeza wiki tatu kwenye tarehe ya kukabidhi, tumo kwenye masika. Mwaka fulani nililaza picha mbili mbichi moja juu ya nyingine, zikagandana kama chapati. Nilipozitenganisha twiga akawa ameacha shingo kwa mwenzake.

Halafu andika kwenye mkataba kwamba wananunua picha za kutundika. Kuzichapa ni biashara nyingine. Hili nalijua kwa uchungu. Kampuni moja hapa mjini ilininunulia picha ya wanawake wa Feri wakikaanga samaki, ikanilipa vizuri, tukaagana. Mwaka uliofuata nimekwenda Kariakoo kununua uzi, natazama ukutani, kalenda: samaki wangu, moshi wangu, yule mama mwenye kilemba cha kijani ambaye ni shoga yangu. Saini niliyoiweka kona ya chini kulia imekatwa, na mkia wa changu umekwenda nayo. Nikamwomba mwenye duka anipe kalenda ile, akasema ninunue uzi wa elfu ishirini ndiyo anipe. Nilinunua. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwa upande wangu, lakini mkononi sikuwa na karatasi hata moja, na sikuwa na nguvu za kuzungushwa.

Nilijifariji kwa habari za mzee David Malangi wa Arnhem Land. Mwaka 1966 Australia ilipobadili pesa, mchoro wake wa gome la mti ulionekana kwenye noti ya dola moja. Hakuna aliyemwuliza. Walidhani mchoraji ni mtu wa zamani asiye na jina, na yeye yu hai anavua samaki wake. Baadaye walimpa dola 1,000, medali na vifaa vya kuvulia. Na kuna picha ya Clifford Possum Tjapaltjarri iliyouzwa kwa dola 1,200 mwaka 1977, ikaja kuuzwa milioni 2.4 mwaka 2007, yeye amekwisha fariki. Tangu mwaka 2010 wana sheria: picha ikiuzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi, mchoraji au warithi wake wanapata asilimia 5. Mimi ningeomba hata asilimia 1 ya ile kalenda.

Sasa la unyago. Wewe una jando lako na una mapiko yenu, na unajua vizuri kuliko mimi kwamba aliye ndani ya lipiko hatajwi mbele ya wanawake. Meneja halijui hilo, na si kosa lake. Mwambie. Miaka ya tisini kuna watu walifuma mazulia huko Vietnam wakanakili michoro ya wachoraji wa Kiaborijini, mmojawao Banduk Marika, mama wa Arnhem Land, ambaye mchoro wake ulikuwa wa kisima kitakatifu. Mazulia yakauzwa Australia, watu wanakanyaga. Mwaka 1994 mahakama iliwapa haki wachoraji, na ilizingatia kwamba mchoraji kama huyo ndiye anayebeba lawama mbele ya ukoo wake hata kama kaibiwa. Wewe hutaibiwa, utakuwa umetoa mwenyewe, kitandani mwa watalii, kwa 80,000.

Mchoree watu wanaorudi kutoka ngomani. Vumbi la miguuni, kina mama na vigelegele, mwali kafunikwa kanga mpya hata uso hauonekani. Mgeni akiuliza chini ya kanga kuna nini, basi picha imefanya kazi yake. Nami ningepandisha bei iwe 120,000.

SWALI: Shikamoo bibi. Baba yangu ni Mzaramo, nimezaliwa na kukulia hapa mjini. Nimeiona picha ya mwana hiti kwenye kitabu, nikatetemeka jinsi ilivyo nzuri. Nataka nimchore, mfululizo wa picha kumi. Mama anasema ni ushamba, na bibi yangu mzaa baba, aliye Maneromango, nilipompigia simu kumwuliza alikata. Ruhusa naomba kwa nani? (Mwanafunzi, Tabata)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kwa wasomaji wa bara: mwana hiti ni kijinyago cha mti, kifupi, hakina mikono, kichwani kina vishungi viwili. Mwali wa Kizaramo alipowekwa ndani alipewa kuwa mwanawe, amwogeshe, ampake mafuta. Siku hizi wengi wao wako kwenye makabati ya vioo Ulaya, na hakuna anayewaogesha.

Bibi yako hakukata kwa hasira. Mambo hayo hayasemwi kwenye simu, hajui nani mwingine yuko karibu na sikio lako. Nenda mwenyewe. Chukua sukari kilo mbili, sabuni ya mche na doti ya kanga, na usome jina la kanga kabla ya kulipa, usije ukampelekea bibi mzima mipasho. Daftari liache Tabata. Simu iweke kwenye pochi. Siku ya kwanza usiulize lolote, kaa naye jikoni, kuna maharage ya kuchambua na kuni za kusogeza.

Mimi nilimwuliza bibi yangu mwaka 1991. Alinyamaza kama hajasikia, nikaona haya, sikurudia. Alinijibu mwaka 1994, tunachambua kisamvu, bila hata kuinua kichwa. Akasema yanayoimbwa chini ya mkole, mti wa unyago, nisiyaguse. Mwana hiti naweza kumchora, ila nisimwache peke yake, mtoto haachwi peke yake.

Tangu siku hiyo kila mwana hiti wangu anakuwa na mikono miwili iliyomshika, yenye mafuta mpaka kwenye kucha. Wanunuzi huniuliza ni mikono ya nani.